Mwanga Ndio Chakula cha Matumbawe: Jinsi ya Kuongeza Taa Kwenye Tangi Dogo

Ukishuka ufuoni maji yakiwa yamekupwa utayaona matumbawe yamekaa kimya, na watu wengi huyaita mawe. Hawajakosa sana. Huku pwani nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa ilichomwa kutokana nayo. Lakini tumbawe lililo hai ni mnyama. Kwa hakika ni wanyama wadogo wengi, kila mmoja na mdomo wake na vikono vyake vya kukamatia chakula, wameungana na kuishi juu ya jiwe walilolijenga wenyewe kwa chokaa ya maji ya bahari.

Ndani ya nyama ya mnyama huyu mnaishi mwani mdogo mdogo sana, usioonekana kwa macho. Kazi yake ni ile ile inayofanywa na jani la muhindi shambani: hupokea mwanga na kutengeneza sukari. Sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenyeji wake. Naye mnyama huupa mwani makao, na uchafu wake huwa mbolea ya mwani. Kwa matumbawe mengi ya maji ya juu, chakula hiki cha mwani chaweza kufika sehemu 9 kwa 10 za nguvu zote yanazohitaji. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo huvuliwa kwa vile vikono usiku. Basi mtu akikuambia tumbawe linakula mwanga, hajatia chumvi sana.

Makala hii inahusu tangi dogo la kioo la maji ya chumvi, lile ambalo watu hufugia matumbawe ndani ya nyumba, na taa inayoning'inizwa juu yake. Huenda ukauliza, je, hiyo ni kazi ya kikundi cha kijijini? Ni kweli matangi mengi ya namna hii yako Ujerumani, Marekani, Japani na kwingineko. Lakini jamii nyingi za matumbawe wanayofuga ndizo zilizoko katika Bahari yetu ya Hindi. Tena vikundi vyenye banda la wageni na wanafunzi wakati mwingine hufikiria kuweka tangi la maonyesho. Na wenzetu wanaokuza vipande vya matumbawe katika vitalu vya baharini, kama kule Mkwiro katika kisiwa cha Wasini, wanashughulika na jambo hilo hilo la mwanga, ila taa yao ni jua. Mambo yaliyopatikana kwa hasara katika matangi yanaweza kuwafaa bure.

Kabla ya kwenda mbele, neno moja juu ya sheria. Msivunje wala kutoa tumbawe hai baharini kwa ajili ya tangi bila kibali. Kuna ulinzi wa sheria za nchi, na biashara ya matumbawe magumu baina ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Anzeni kwa KWS na ofisi ya uvuvi, kisha ndipo mfikirie kioo na taa.

Jua la Jakarta, giza la Berlin

Mnamo 1961 bwana mmoja wa Jakarta, Indonesia, aitwaye Lee Chin Eng, aliandika katika jarida la Marekani la wafugaji wa samaki juu ya matangi yake. Hakuwa na mashine za ajabu. Alitumia mawe yaliyotoka baharini yakiwa na uhai wake, mapovu ya hewa, na mwanga wa jua. Matumbawe yakaishi. Wakati huo wafugaji wengi waliamini ati tumbawe haliwezi kuishi ndani ya kioo.

Mbinu hiyo haikuwa rahisi Ulaya. Hebu fikiria Berlin mwezi wa Desemba: jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na katikati yake mawingu matupu. Wafugaji wa huko walilazimika kutafuta jua la kutengeneza. Miaka ya 1980 wakaanza kutumia taa kali za metali halaidi, jamii ya zile taa za viwanja vya mpira. Mmoja wao, Dietrich Stüber, alikuwa na tumbawe la matawi lililokua vizuri hata akawa anakata vipande na kuwagawia wenzake, nao wakakata na kugawa. Mpaka leo kuna vipande vya tumbawe hilo katika matangi mengi ya Ulaya, na linaitwa kwa jina lake. Ni sawa na vile akina mama hugawana mbegu za mihogo.

Baada ya halaidi zilienea tyubu nyembamba za T5, kisha taa za LED, ambazo ndizo zinazonunuliwa zaidi siku hizi. Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuingizwa sokoni kwa tyubu mpya za kawaida za T5 na T8 mwezi wa Agosti 2023, kwa sababu zina zebaki. Kwa hiyo mkipewa msaada wa tangi kuukuu lenye tyubu, likubalini, lakini mjue tyubu za kubadilisha zitazidi kuwa adimu. Na tyubu ikivunjika, msiguse vipande kwa mikono mitupu. Fungueni madirisha kwanza.

Utajuaje kama mwanga hautoshi?

Tumbawe halipigi kelele, lakini huonyesha. Likikosa mwanga, rangi yake huelekea kahawia iliyokolea, maana mwani uliomo hujiongeza na kujipaka rangi zaidi ili ushike kila tone la mwanga. Matawi mapya hutoka membamba, yameachana. Matumbawe laini hujinyoosha na kuinamia upande wa taa, kama mche wa nyanya uliooteshwa ndani ya nyumba. Na kukua huwa karibu kusimama. Hapa lazima mjue ni tumbawe la aina gani, kwa sababu yale makubwa ya duara baharini hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka hata mambo yakiwa mazuri, na yale ya matawi yaweza kufika sentimita 10 na zaidi. Usilaumu taa kwa tumbawe ambalo kwa asili yake ni pole pole.

Mwanga ukizidi, dalili ni kinyume: sehemu ya juu, ile inayotazamana na taa, hufifia na kuwa nyeupe, wakati ubavu ulio kivulini umebaki na rangi. Ukiona tumbawe zima limepauka, juu na chini, mara nyingi kosa liko kwenye joto au kwenye maji.

Wataalamu hupima mwanga unaofaa mimea kwa kipimo kiitwacho PAR. Jua la saa sita mchana hapa kwetu, juu ya maji, hufika karibu 2,000. Chini ya maji hupungua haraka. Katika tangi, matumbawe laini huridhika na 50 mpaka 150. Yale magumu yenye vinywa vikubwa na nyama nyingi huhitaji kama 100 mpaka 200. Yale ya matawi magumu, ambayo ndiyo wajenzi wakubwa wa mwamba, hupenda 200 mpaka 350. Kifaa cha kupimia ni ghali. Huko ng'ambo wafugaji wa mji mmoja hununua kimoja na kuazimana, na nafikiri huo ni mfano mzuri kuliko kila mtu kujinunulia chake. Programu za simu za kupima mwanga zisiwadanganye. Jicho la simu halisomi vizuri mwanga wa buluu, na taa nyingi za matumbawe zimejaa buluu.

Mbona buluu? Mpiga mbizi anajua. Ukimchoma samaki mkuki mahali pa kina kirefu, damu yake inaonekana ya kijani au nyeusi. Maji humeza rangi nyekundu mapema, katika mita chache za kwanza, na buluu ndiyo inayoshuka mbali. Mwani wa matumbawe umezoea kula buluu hiyo.

Kwanza mambo yasiyo na gharama

Kabla mwekahazina hajafungua kisanduku, fanyeni haya. Futeni kioo cha juu na kifuniko cha taa. Maji ya chumvi hurukaruka, yakikauka huacha ukungu mweupe unaokula mwanga mwingi kuliko mnavyodhania. Kama ni tyubu, ulizeni zimewaka kwa muda gani: tyubu ya T5 ikipita miezi 12 bado inawaka machoni mwetu, lakini nguvu yake kwa tumbawe imeshashuka. Taa ikiwa juu mno, ishusheni kidogo. Sogezeni tumbawe lenye kuhitaji mwanga liwe katikati na juu, si pembeni. Pembe ya chini ya tangi yaweza kupata nusu ya mwanga wa katikati au chini ya hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Maji ya tangi lililokaa sana huwa ya manjano kidogo, kama chai nyepesi. Manjano hayo yanazuia ile buluu. Mkaa maalum wa kuchujia huyasafisha. Lakini angalieni! Mkaa ukiwekwa mwingi kwa siku moja, maji hung'aa ghafla, na matumbawe yaliyozoea kivuli huungua, ingawa hakuna aliyegusa taa. Wekeni kidogo kidogo.

Kuchagua taa

Tuchukue tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 40, yaani kama lita 96. Kwa matumbawe laini, taa ya LED ya wati 30 mpaka 40 iliyotengenezwa kwa kazi hii inatosha. Kwa yale ya matawi tafuteni wati 60 mpaka 100, yenye swichi ya kupunguza na kuongeza nguvu. Hiyo swichi ya kupunguza ndiyo ningelipia pesa kabla ya mapambo mengine yote ya taa, yale ya kuiga radi na mbalamwezi.

Je, taa nyeupe ya kawaida ya kumulika ua haiwezi? Inaweza kukuza, ikiwa na nguvu ya kutosha, ila rangi za matumbawe huonekana zimepooza, za kahawia. Taa yenye buluu nyingi hufanya baadhi ya matumbawe yang'ae kijani na waridi, na hilo huwafurahisha wageni. Balbu ya nyumbani ya wati 9 haifai hata zikiwa mbili.

Sasa hesabu ya stima. Taa ya zamani ya halaidi ya wati 250 ikiwaka saa 10 hula yuniti 2.5 kwa siku, yaani yuniti 75 kwa siku 30. Taa ya LED ya wati 80 kwa saa hizo hizo hula yuniti 0.8, yaani 24 kwa mwezi. Zidisheni tofauti hiyo ya yuniti 51 kwa bei ya tokeni zenu, na mtaona ni baada ya miezi mingapi taa mpya itakuwa imejilipa. Msisahau kwamba halaidi pia hupasha maji joto, na hapa pwani shida yetu ni kupoza. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji husaidia, ila maji yatapungua upesi. Yanayopungua ni maji tu, chumvi hubaki, kwa hiyo jazieni maji safi yasiyo na chumvi. Mkijazia ya bahari kila siku, baada ya muda mfupi mna tangi la kutengenezea chumvi.

Maji ya chumvi na stima ni maadui wakubwa wa binadamu. Taa ifungwe kwa mnyororo au vyuma imara, isiwekwe tu ukingoni mwa kioo. Waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Fundi aweke ile swichi inayokata stima yenyewe ikivuja. Na mtoto asiingize mkono tangini kabla taa haijazimwa na kuchomolewa.

Kuna vikundi hununua betri ili taa isizime stima ikipotea. Hapo mmeanzia pabaya. Matumbawe yenye afya huvumilia giza siku mbili tatu. Pampu ikisimama usiku kwa saa chache, hewa huisha majini na samaki huanza kufa, na wakifa huoza na kuharibu maji ya wote. Betri iwe ya pampu ya hewa.

Kuongeza mwanga: pole pole hasa

Hapa ndipo wengi wamepoteza matumbawe waliyoyalea kwa miaka. Taa mpya imefika, kila mtu ana furaha, inawashwa kwa nguvu zote, na baada ya wiki moja tangi ni jeupe.

Sababu ni hii. Mwani uliokaa kwenye mwanga hafifu umejitandaza ili usipoteze hata tone, kama mama aliyepanga madebe na sufuria zote chini ya paa wakati wa manyunyu. Mvua kubwa ikija kwa ghafla, vyombo hufurika. Kwa mwani, kinachofurika ni nguvu ya mwanga usioweza kutumiwa, nayo hugeuka kuwa oksijeni ya sumu inayochoma nyama ya mwenyeji. Tumbawe hujiokoa kwa kuutapika mwani wake. Hapo ndipo tunasema limepauka. Halijafa bado, lakini limefukuza mpishi, na likikaa hivyo wiki nyingi litakufa kwa njaa.

Kwa taa yenye swichi ya kupunguza, anzeni kwa nguvu ambayo kwa macho inafanana na ile ya taa ya zamani, au chini yake kidogo. Mara nyingi hiyo ni asilimia 30 au 40. Ongezeni asilimia 5 mpaka 10 kwa wiki. Hii ni kusema mtachukua mwezi mmoja mpaka miwili kufika mnapotaka, na huenda msifike 100 kamwe. Hakuna ubaya. Si lazima kutumia nguvu yote mliyonunua. Ukiona kilele cha tumbawe kimefifia, rudi hatua moja nyuma na ukae hapo wiki mbili.

Taa isiyo na swichi hiyo nayo ina dawa yake, tena ya bei ndogo. Kateni wavu wa dirisha wa kuzuia mbu, vipande 6 vya ukubwa wa tangi, viwekeni juu ya kioo kimoja juu ya kingine, mbali na taa isije ikavichoma. Ondoeni kipande kimoja kila baada ya siku 4. Baada ya siku 24 mwanga wote umefika, na matumbawe yamezoea. Njia ya pili ni kuinua taa sentimita 30 hivi juu kuliko itakapokaa, kisha kuishusha kidogo kidogo. Sisi tunaona ya wavu ni rahisi zaidi, maana hata anayepokea zamu anahesabu vipande na kujua mko wapi.

Saa za mwanga zisizidi. Ni kweli jua la Kenya hukaa saa 12, lakini asubuhi na jioni ni jua la ubavuni lisilo na nguvu. Saa 9 au 10 za taa zinatosha, na taa iwashwe na kuzimwa na swichi ya saa, si kwa kumbukumbu ya mtu. Usiku uwe giza. Matumbawe hufungua vikono na kula vijidudu wakati huo.

Na wakati mnaongeza mwanga, msibadilishe jambo jingine. Msihamishe mawe, msiongeze mkaa, msilete samaki wapya. Mkibadilisha mambo matatu kwa wiki moja na tumbawe likapauka, kikao kizima mtabaki mkilaumiana. Wekeni daftari: tarehe, nguvu ya taa, joto la maji, na mstari mmoja wa mlichoona. Pigeni picha saa ile ile, mahali pale pale, huku mkiwa mmeweka msumari wa urefu unaojulikana karibu na tumbawe ili mweze kulinganisha mwezi hadi mwezi.

Mwanga huleta hamu ya kula

Tumbawe likipata mwanga wa kutosha huanza kujenga, na mjenzi huhitaji mawe na saruji. Litavuta kalsiamu na alkali kutoka majini kuliko zamani. Huu ndio mtego wa pili: taa imepandishwa vizuri, matumbawe yamechangamka mwezi mmoja, kisha yanaanza kuvuka nyama kutoka chini kwenda juu. Watu hudhani ni taa, kumbe maji yameishiwa.

Kalsiamu ikae kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Alkali, kwa kipimo cha dKH, iwe kati ya 7 na 9, na isirukeruke. Hii ya pili ndiyo huanza kushuka, kwa hiyo ndiyo ya kupimwa mara kwa mara, angalau kila wiki wakati mnapoongeza taa. Chumvi iwe 35 kwa elfu, na joto 25 mpaka 27. Kwa tangi dogo lenye matumbawe machache, kubadilisha sehemu 1 kwa 10 ya maji kila wiki kwa kawaida hurudisha yaliyotumika. Matumbawe yakiwa mengi, wafugaji wengine hudondosha maji ya chokaa safi usiku, tone kwa tone. Chokaa ya ujenzi isitumiwe, haijulikani ina nini ndani. Na hata ile safi huchoma ngozi na macho.

Jambo dogo ambalo linasahauliwa: maji safi kupita kiasi chini ya taa kali pia hupausha. Mwani unahitaji mbolea kidogo. Naitreti ikae miligramu 2 mpaka 10 kwa lita. Ikiwa sifuri kabisa, lisheni samaki zaidi kidogo.

Tukitoka tangini kwenda kitaluni

Wanaokuza vipande baharini hawana swichi, lakini wana kamba. Fremu au mti wa kitalu waweza kupandishwa au kushushwa, na kwa hilo wanaongeza au kupunguza taa. Kipande kilichokatwa kina cha mita 8 kisiletwe moja kwa moja mita 2. Kikae katikati kwanza, kama siku za ule wavu wa dirisha.

Kuhesabu kina kuna ujanja wake. Katika pwani yetu tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Fremu iliyo mita 3 maji yakiwa yamekupwa huwa karibu mita 7 yakijaa. Pimeni wakati wa kupwa kwa bamvua, maana kupwa kukiangukia mchana, hapo ndipo vipande hupigwa na jua zaidi.

Miezi ya kuangalia ni Machi na Aprili. Kaskazi imelala, bahari imetulia wakati wa maleleji, maji ni maangavu, jua liko utosini, na joto la bahari liko juu kabisa. Joto likizidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa digrii 1 tu na kukaa hivyo kama wiki 4, matumbawe huanza kupauka, na mwanga mkali huongeza pigo. Ndivyo ilivyokuwa 1998, mwaka ambao pwani ya Kenya ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake hai. Wakati wa joto kali la 2023 kule Florida, Marekani, wenye vitalu walihamisha vipande kwenye maji ya kina zaidi na wengine wakavipeleka kwenye matangi nchi kavu. Kikundi chenye kamba na mpiga mbizi chaweza kushusha fremu mapema, kabla weupe haujaonekana.

Upande mwingine kuna tope. Mito ikifurika, kama Sabaki kule karibu na Malindi, maji huwa mekundu na mwanga haushuki. Hapo fremu ipandishwe, na vipande vifutwe matope na mwani mrefu kwa brashi laini. Mwani huo humea juu ya vipande na kuvizibia jua, sawasawa na ule ukungu wa chumvi kwenye kifuniko cha taa.

Kifaa cha kupimia mwanga hamna? Chukueni sahani nyeupe ya upana wa sentimita 30, au kifuniko cheupe cha ndoo, toboeni katikati, fungeni kamba iliyowekwa alama kila nusu mita, na ning'inizeni jiwe chini yake ili izame wima. Teremsheni kutoka mashuani upande wa kivuli, karibu na saa sita mchana. Mahali sahani inapopotea machoni, someni alama. Iinueni mpaka ionekane tena, someni tena, na mchukue ya katikati. Andikeni tarehe, hali ya maji na kipimo hicho. Mkifanya hivyo mara moja kwa wiki tangu masika mpaka kaskazi, mtakuwa na orodha ya mwanga wa mahali penu wenyewe, na mtajua fremu ikae kina gani mwezi gani.